Pengo Lililo Chini ya Ufizi

Dawa ya jino ni kung'oa. Msemo huo niliusikia tangu utotoni kutoka kwa kila mtu mzima aliyekuwa karibu nami, na siku nilipoumwa na gego langu mwenyewe niliutii bila kuuliza swali. Lilikuwa gego la kwanza la taya la chini, upande wa kushoto, lile linaloota mtoto akiwa na miaka 6 hivi na ambalo, kwa kuwa huwahi kuota, mara nyingi ndilo linalowahi kutoboka. Lilikuwa limezibwa mara mbili na kutibiwa mizizi mara moja, na mwishowe mzizi mmoja ukapasuka kwa urefu, ufa ambao hakuna saruji ya daktari inayouziba. Liling'olewa asubuhi moja kwa muda usiozidi nusu saa. Niling'ata pamba, nikapewa vidonge vya maumivu, nikaambiwa nisisukutue kwa nguvu siku hiyo, nikaondoka nikiamini kwamba habari ya jino hilo imekwisha.

Kilichokwisha kilikuwa maumivu tu. Wiki za mwanzo ulimi haukutulia. Kila saa ulikwenda kulipapasa pengo kama mtu anayerudi kuhakikisha kwamba amefunga mlango. Baadaye ukazoea, nami nikazoea kutafuna upande wa kulia, na kwa kuwa pengo lilikuwa nyuma ambako halionekani nikicheka, nililiacha. Miaka 2 na nusu ikapita. Siku moja nikiwa mbele ya kioo niliuvuta mdomo pembeni kwa kidole nikaona jambo ambalo sikulitarajia: pale palipokuwa na gego, ufizi ulikuwa umebonyea kama kitanda kilichokatika chaga, gego la nyuma yake lilikuwa limeinama kuelekea kwenye nafasi iliyo wazi, na gego la juu, ambalo sasa halikuwa na la kukutana nalo, lilikuwa limeanza kushuka.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba pengo lina sehemu mbili. Ipo ile inayoonekana, nayo ndiyo ndogo. Ipo nyingine chini ya ufizi, inayoendelea kukua baada ya jeraha kupona. Tuta la mfupa linaloshika meno halipo kwa ajili yake lenyewe. Huota pamoja na meno, hukaa kwa ajili ya meno, na huishi kwa kusukumwa na mizizi kila mtu anapotafuna. Jino likitoka, mwili huuchukulia mfupa ule kuwa hauna kazi, ukaanza kuuyeyusha. Katika mwaka wa kwanza baada ya gego kung'olewa, upana wa tuta hilo hupungua kwa karibu nusu, na takriban theluthi mbili za upungufu huo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Ukuta wa upande wa shavu, ambao tangu awali ni mwembamba, ndio unaotangulia kwenda. Uso wa kibogoyo ambao sote tunaujua, kidevu kikiwa kimeisogelea pua na midomo ikiwa imeingia ndani, hautokani na kukosa meno peke yake; ni taya lenyewe limepungua kimo.

Sina ugomvi na daktari aliyeling'oa gego langu kwa sababu ya kuling'oa, maana halikuwa na matibabu mengine. Ugomvi wangu ni kwamba hakusema neno. Angesema sentensi moja tu, kwamba mfupa utapungua na kwamba nikitaka jino jingine nisikawie, ningejua ninachokipoteza kila mwezi nilioendelea kujisifu kwamba nimezoea kutafuna upande mmoja.

Nilipoamua kutafuta jino, nilianza kwa Mama. Hana hata jino moja kwenye taya la chini, na kwa miaka mingi amevaa meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, ambayo usiku huyalaza katika bilauri ya maji. Nilimuuliza kama yanamfaa. "Haya si meno, mwanangu," alinijibu, "haya ni wageni. Nikicheka lazima niwazuie kwa ulimi wasiondoke." Alicheka aliposema hivyo, na kweli niliuona ulimi ukiwahi kuyazuia. Meno ya namna hiyo huegemea ufizi, na ufizi haukuumbwa kubeba uzito wa kutafuna. Tena mgandamizo wake hauuamshi mfupa ulio chini yake kama mzizi unavyofanya, kwa hiyo mfupa huendelea kushuka na meno yaliyokaa vizuri mwaka huu huanza kuchezacheza miaka michache baadaye.

Njia ya pili ilikuwa daraja, yaani meno matatu yaliyoungana, la katikati likining'inia juu ya pengo na mawili ya pembeni yakivikwa juu ya meno jirani. Daraja ni kazi nzuri na ya haraka, na kwa mtu ambaye meno yake jirani tayari yana viraka vikubwa huenda likawa ndilo jambo la busara kuliko yote. Ila ili livae, meno hayo mawili hukatwa pande zote yakabaki visiki. Jirani wa mbele wa gego langu alikuwa mzima kabisa, hajawahi kuguswa na keekee, na sikuona haki ya kumwadhibu kwa kosa la mwenzake.

Ikabaki njia ya tatu, kipandikizi. Neno hili watu wengi hulisikia wakafikiri ni jino linalochomekwa, na nadhani kosa hilo ndilo linalozaa tamaa na lawama nyingi. Kipandikizi ni mzizi. Ni skrubu ya metali ya titani, kwa kawaida yenye kipenyo cha milimita 3 hadi 5 na urefu wa milimita 8 hadi 13 hivi, inayozikwa ndani ya mfupa wa taya. Juu yake hufungwa kishikio, na juu ya kishikio huwekwa taji, ambalo ndilo jino linaloonekana. Mgonjwa huliwaza taji, lakini daktari huuwaza mfupa, na mazungumzo yao yasipokutana mapema, mmoja ataona anacheleweshwa bila sababu.

Kwamba metali inaweza kushikana na mfupa ulio hai ni jambo lililogunduliwa kwa bahati. Mwaka 1952 Per-Ingvar Brånemark, mtafiti wa Uswidi, alikuwa akichunguza jinsi damu inavyopita ndani ya mfupa wa sungura, akitumia vyumba vidogo vya titani vilivyowekwa kwenye mguu wa mnyama na kutazamwa kwa darubini. Utafiti ulipokwisha alitaka kuvitoa vyumba hivyo avitumie tena, maana vilikuwa ghali, navyo vikakataa kutoka. Mfupa ulikuwa umevikumbatia. Mwenye haraka angevivunja na kulalamika. Yeye akauliza kwa nini. Siri, kama ilivyokuja kueleweka, ni kwamba titani ikikutana na hewa hujivika papo hapo utando wa oksidi mwembamba kuliko unywele mara maelfu, na mwili unakutana na utando huo ulio mtulivu badala ya kukutana na metali yenyewe. Seli za mfupa hazioni adui wa kuzungushia kovu, basi hujenga mpaka ukingoni. Brånemark aliipa hali hiyo jina la oseointegresheni, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya mfupa.

Mwaka 1965 alimwekea vipandikizi mtu wa kwanza, Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro ya kaakaa na ya taya na aliyekuwa akiteseka kwa kukosa meno ya chini. Larsson alivitumia mpaka alipofariki mwaka 2006, miaka zaidi ya 40. Hata hivyo madaktari wengi wa meno hawakumwamini Brånemark kwa muda mrefu, na hali ilibadilika hasa baada ya mkutano uliofanyika Toronto, Kanada, mwaka 1982, ambako matokeo ya miaka mingi yaliwekwa mezani. Siwalaumu wale waliosita. Kabla yake zilijaribiwa metali na maumbo ya kila aina, na mengi yaliishia kwenye usaha.

Kwa hakika tamaa ya kuziba pengo kwa kitu kilichozama ndani ya taya ni ya kale sana. Mwaka 1931 huko Honduras lilipatikana taya la mtu wa jamii ya Wamaya, la karibu mwaka 600 baada ya Kristo, likiwa na vipande vitatu vya kombe vilivyochongwa kwa umbo la meno ya mbele na kuchomekwa mahali pa meno hayo. Picha za eksirei zilizopigwa baadaye zilionyesha kwamba mfupa ulikuwa umejijenga kuvizunguka, ishara kwamba mwenyewe aliwekewa akiwa hai. Mara nyingi huwa najiuliza ni nani aliyemshikilia siku hiyo, maana hapakuwa na sindano ya ganzi.

Mimi sindano niliipata, lakini si siku ya kwanza wala ya pili. Daktari niliyemwendea safari hii, dada mmoja mwenye maneno machache, alinipiga kwanza picha ya eksirei ya pande tatu, ile inayozunguka kichwa na kulikata taya vipande vyembamba kwenye kioo cha kompyuta. Alinionyesha kipande kimoja. Tuta la mfupa wangu lilikuwa limechongoka juu kama kisu, na chini yake mfereji mdogo wa mviringo ulipita gizani. "Huu ni mkondo wa mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye mdomo wako wa chini," alisema. "Nikiugusa, kaka, utakunywa maji yakutiririke kidevuni bila wewe kujua." Kwa hiyo alihitaji umbali salama chini na upana wa kutosha juu, na upana nilikuwa nimeupoteza katika miaka 2 na nusu ya uvivu. Ilibidi kwanza niongezewe mfupa: chembe za mfupa zilimwagwa ubavuni mwa tuta, zikafunikwa kwa utando, ufizi ukashonwa juu yake, nami nikaambiwa nisubiri miezi 5. Kwenye taya la juu, upande wa nyuma, tatizo huwa jingine, kwani juu ya mizizi ya magego upo uwazi wa hewa ulio pembeni mwa pua, na gego likitoka uwazi huo hupanuka kushuka chini, kwa hiyo mara nyingine daktari hulazimika kuinua sakafu yake kabla ya kupanda chochote.

Siku ya kupandikiza niliiogopa bure. Ganzi ilinishika vizuri, na nilichokisikia kilikuwa mtetemo na sauti, si maumivu. Alianza na keekee nyembamba, akafuatisha nene kidogo, kisha nene zaidi, kila moja ikizunguka polepole kuliko nilivyodhania na kila moja ikimwagiwa maji ya chumvi bila kukoma, huku msaidizi akiyafyonza. Maji hayo nilidhani ni ya kuosha damu. Kumbe ndiyo yanayoamua mambo, kwani mfupa ukipashwa joto la nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja tu, seli zake huumia, na skrubu iliyopandwa kwenye mfupa ulioungua haitashika. Tundu lilipokuwa tayari, alikifungua kichupa kidogo, akakitoa kipandikizi bila kukigusa kwa kidole, na kukizungusha taratibu hadi kikazama. Mwisho alitumia spana ndogo yenye kipimo, akaikaza, akatazama alama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilihisi taya zima likisukumwa, kama mtu anayekaza boliti kwenye meza niliyoegemea kichwa.

Kisha ukaja ule muda ambao, kwa maoni yangu, ndiyo matibabu yenyewe, ingawa hakuna anayefanya chochote. Skrubu ikiwa imetoka tu kukazwa hushikwa na msuguano, kama msumari kwenye mbao. Baada ya hapo mwili huanza kuondoa mfupa uliobanwa na kujeruhiwa na kuweka mpya mahali pake, na kwa kuwa ubomoaji hutangulia ujenzi, karibu na wiki ya 3 na ya 4 kipandikizi huwa dhaifu kuliko kilivyokuwa siku ya kwanza. Ajabu ni kwamba wiki hizo ndizo ambazo mgonjwa haumwi tena, uvimbe umekwisha, nyuzi zimetolewa, na anajiona shujaa. Mimi nilijaribiwa sana kupeleka chakula upande ule. Kilichonizuia ni kukumbuka kwamba kikisogea hata sehemu ndogo ya milimita mara kwa mara, mwili hutengeneza nyuzi za kovu badala ya mfupa, na kovu halibebi jino. Katika utaratibu wa awali wa Brånemark ilikuwa kungoja miezi 3 hadi 4 kwa taya la chini na karibu 6 kwa taya la juu ambalo mfupa wake ni laini zaidi. Siku hizi nyuso za vipandikizi hukwaruzwa kitaalamu ili mfupa ushike upesi, na muda umefupika. Yapo pia matangazo ya jino kwa siku moja. Hilo linawezekana kwa mgonjwa anayefaa, lakini wanachofupisha ni safari ya kupata taji. Mfupa hausomi tangazo.

Taji lilipofungwa, nalo lilifungwa kwa skrubu ndogo ambayo tundu lake lilizibwa kwa kiraka cha rangi ya jino, niliuma meno na kushangaa. Halikuwa na hisia. Jino la asili haligusani na mfupa moja kwa moja. Limening'inizwa kwa utando wa nyuzi wenye unene wa karibu milimita 0.2, unaobonyea kidogo na wenye vihisio vinavyoweza kutambua unywele mmoja kati ya meno. Kipandikizi hakina utando huo. Kimesimama ndani ya mfupa kama nguzo iliyomwagiwa zege, na ninachokihisi ninapotafuna ni mwangwi wa mbali unaotoka mfupani. Kwa sababu hiyo daktari alipima mgongano wa meno kwa karatasi ya rangi mara nne au tano, akilisaga taji kidogo kidogo, ili lisipokee mzigo kabla ya wenzake waliojaliwa kubonyea. Kwa sababu hiyo hiyo mtoto au kijana ambaye taya lake bado linakua hapandikizwi: meno yake yataendelea kupanda na uso kurefuka, na kipandikizi kitabaki pale pale kilipopandwa, kikionekana mwaka hadi mwaka kama kinazama.

Wapo na wengine wa kufikiriwa mara mbili. Mvutaji wa sigara hupunguza damu inayofika kwenye jeraha, na vipandikizi vyake hushindwa mara nyingi zaidi. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa, aliyewahi kupigwa mionzi kwenye taya, na anayetumia dawa za mifupa za jamii ya bisfosfoneti wanapaswa kusema hayo kabla ya kukaa kitini, hata wasipoulizwa. Kwa wengine, tafiti zilizofuatilia vipandikizi kwa miaka 10 hukuta zaidi ya 90 kati ya 100 bado viko mahali pake. Lakini kuwa mahali pake si sawa na kuwa na afya.

Hapo ndipo penye jambo ambalo wauzaji hulipitia haraka. Kipandikizi hakitoboki, lakini kinachokizunguka kinaoza vizuri tu. Kwenye jino la asili nyuzi za ufizi zimejichomeka kwenye mzizi kwa upana, kama mizizi ya nyasi kwenye ukingo. Kwenye titani nyuzi hizo hulala sambamba nayo tu, kama kola ya shati shingoni, na bakteria wakishapita kola wana njia fupi ya kufika mfupani. Ukoga ukiachwa, ufizi huvimba na kutoa damu. Hatua hiyo bado inarekebishika. Ukiachwa zaidi, mfupa huanza kuliwa kuzunguka skrubu kama shimo la maji kuzunguka nguzo, mara nyingi bila maumivu yoyote, na kuurudisha ni kazi ngumu isiyo na uhakika. Mtu aliyepoteza meno kwa ugonjwa wa fizi, asipotibiwa ugonjwa huo kwanza, anahamishia tu vita mahali pengine.

Mama alipoona langu limekaa, aliuliza kama na yeye angelazimika kupandwa skrubu 14. La hasha. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walipendekeza kwamba kwa taya la chini lisilo na meno kabisa, chaguo la kwanza liwe meno ya bandia ya kuvaa yanayoshikwa na vipandikizi viwili tu vya mbele. Vichwa vya vipandikizi hivyo huingia kwenye vitundu upande wa ndani wa meno ya bandia na kubana, kama vifungo vya kubana vya nguo. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali lililoonyesha kwamba ameelewa kuliko mimi nilivyoelewa mwanzoni: "Huo mfupa wangu umebaki wa kutosha?" Kwa bahati sehemu ya mbele ya taya la chini ndiyo ambayo mara nyingi huwa imebakiza kitu.

Mwezi uliopita nilirudi kwa daktari kwa ukaguzi wa mwaka wa kwanza. Alipiga picha ndogo ya eksirei, akaifungua kwenye kioo karibu na ile ya siku taji lilipofungwa, na kwa ncha ya kalamu akahesabu hesi, ile mizunguko inayopanda ubavuni mwa skrubu, kutoka juu kwenda chini. Mfupa ulianzia kwenye hesi ya kwanza, pale pale ulipokuwa. Nikaanza kuinuka kitini. "Bado, kaka," alisema, akanipa kioo cha mkono na kuulaza ulimi wangu pembeni. Kwenye ubavu wa ndani wa taji, upande ambao mswaki wangu kumbe haufiki, palikuwa na mstari mwembamba wa ukoga wenye rangi ya maziwa yaliyokauka. Alichukua kiburashi chembamba kama waya, akakipitisha chini ya taji kutoka upande wa shavu hadi upande wa ulimi, kisha akanikabidhi mimi nifanye huku akinitazama.